Polepole Anunua Diski za Breki

Jina la Polepole alilipata kinyozi huyu kwa sababu ya mkono wake. Wembe ukiwa kwenye vidole vyake, mteja alisinzia kitini, na hata watoto waliozoea kulia kwa vinyozi wengine kwake walitulia tuli. Ila akishika usukani alikuwa mtu mwingine kabisa. Wateja walimtania kuwa mkono ni pamba, mguu ni jiwe. Breki aliikumbuka dakika ya mwisho, akaikanyaga mpaka abiria wakakaribia kubusu kioo.

Alioa akiwa na miaka hamsini na minne, watu wote wakiwa wameshamkatia tamaa, naye mwenyewe akiwa wa kwanza kujikatia tamaa. Mkewe alikuwa mjane, mtunza maabara katika shule ya sekondari, mwanamke wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Walipendana kwa haya, kama watu wazima wanavyopendana. Kila asubuhi alimshusha shuleni kwa gari lake dogo jeupe, ndipo akaenda kufungua kibanda chake cha kunyolea.

Mwezi wa sita wa ndoa, gari likaanza kutetemeka. Akikanyaga breki kwenye mteremko wa kwenda shuleni, usukani ulimchezea mikononi kama una homa. Jumamosi moja, akisafisha gari kabla ya kulipeleka kwa fundi, aliona kitu kingine. Zulia la upande anaokaa mkewe lilikuwa limelika mahali pamoja, pale mguu wa kulia unapotua, mpaka nyuzi zikaonekana. La dereva lilikuwa na nafuu. Akalitazama muda mrefu, ufagio mkononi, kisha akalirudisha mahali pake.

Mkewe alifuatana naye gereji. Fundi, rafiki yake wa siku nyingi, alivua tairi za mbele, akapitisha kidole kwenye diski na kusema kuwa uso wake haulingani tena. Atazichonga kidogo tu zirudi kama mpya. Hapo mke akafungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kalipa, kile kipimio cha chuma cha maabara. Alikuwa amejiazimisha mwenyewe, akatia sahihi kwenye daftari la vifaa kama mwazimaji na kama mtunzaji. Akainama, akapima unene wa diski mahali patano.

"Shemeji," fundi akasema, "hata mtoto mchanga hapimwi hivi."

Mke akamwonyesha namba iliyogongwa ukingoni mwa diski: isipungue milimita ishirini. Iliyokuwapo ilikuwa ishirini na nukta tatu. Akamuuliza taratibu, akishachonga, kitabaki nini. Fundi akajikuna kisogo, akakiri kuwa kitabaki kidogo mno. Zinunuliwe mpya, akasema, zote mbili kwa pamoja, kushoto na kulia.

Kwenye duka la spea, muuzaji aliwatolea kwanza diski zilizotobolewa vitundu na kuchorwa mistari, zinang'aa kama vioo. Polepole moyo ukamwenda mbio. Alishaliona gari lake likisimama mbele ya kibanda chake na vijana wakichungulia magurudumu. Mke akauliza kama hizo si za magari ya mashindano. Muuzaji hakuficha: kwa safari za kazini na sokoni hazina faida kubwa, na vile vitundu huweza kuanza kupasuka pembeni. Akaleta nyingine, nzito, za kijivu, zisizo na urembo wowote, zenye nafasi za kupitisha hewa katikati. Polepole akasema zinafanana na mfuniko wa sufuria.

Kisha akamgeukia mkewe kwa utani. "Chagua wewe, bibie. Wewe ndiye unayekanyaga breki kuliko mimi."

Mke hakucheka. Aliiweka mikono yake miwili juu ya ile diski ya kijivu.

"Nilikuwa nimekaa kando yake," akasema.

"Kando ya nani?"

"Marehemu. Siku breki zilipokataa. Nilikanyaga chini na mimi, kwa nguvu zangu zote, kama vile ningemsaidia. Tangu siku hiyo mguu haujaacha."

Polepole alijua kuwa marehemu alifia ajalini. Hili la kwamba mkewe alikuwamo hakulijua, na hakuwahi kuuliza. Muuzaji akageukia rafu, akaanza kupanga taa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Polepole akazisukuma kando zile diski zinazong'aa.

"Ungeniambia, ningeendesha kama ninavyonyoa."

"Basi endesha hivyo," mke akajibu, akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kalipa.

Walilinganisha matundu ya nati na upana, wakachukua na pedi mpya za breki. Fundi alipomaliza kufunga, alimwonya Polepole kuwa siku za mwanzo akanyage kwa upole, diski na pedi zizoeane, maana nazo ni kama maharusi. Polepole akasema hilo analielewa.

Njiani alianza kupunguza mwendo tangu mbali. Waliokuwa nyuma walimpigia honi, akawaacha wapige. Kwenye mteremko usukani ulitulia kabisa. Alipotupa jicho pembeni, mkewe alikuwa amevua viatu, amekunja miguu juu ya kiti, amelala, kichwa kwenye kioo.

Mteja mmoja alikuwa akimngoja mlangoni pa kibanda cha kunyolea. Polepole akampungia mkono, akapita, akazunguka mtaa mzima. Mzunguko wa tatu, mteja akasogea barabarani na kumwambia kuwa ndevu zimeshaota upya akingoja. Polepole akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha kwa kichwa nani amelala, akaachia breki taratibu na kwenda kuzunguka tena.