Bi Verlene Akataa Kusaini: "Gari Lililozimika Haliwezi Kudaiwa Ushuru"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Texas halijapanda sawasawa, lakini lami ya barabara ya kulipia ya Rice Prairie, mashariki ya Houston, imeshaanza kutoa joto. Bi Verlene Guidry amelegeza waya wa winchi ya lori lake na kuunasa kwenye pikapu iliyozimika kando ya njia.

Mwenye pikapu, fundi wa kuezeka mapaa aitwaye Ruben Cantú, yuko pembeni na simu sikioni, anamwomba mteja wake radhi kwa mara ya tatu.

Bi Verlene anaingia kwenye pikapu, anatoa gia. Kisha anachomoa mfukoni karatasi ya foili iliyokunjamana, ile iliyofungia taco zake za mayai na soseji dakika ishirini zilizopita. Anakifunika nayo kibandiko cha ushuru kilichogandishwa kwenye kioo cha mbele, kile kinachosomwa na mitambo ya barabarani, na kuikandamiza kwa kidole gumba mpaka ishike.

"Mama, vipi tena?" Ruben anauliza. "Unanifungia chakula kwenye kioo?"

"Naifunga kampuni ya barabara mdomo, mwanangu. Pale mbele kuna tao lina kamera. Lori langu litasomwa na litalipa, hilo sina ugomvi nalo. Lakini hii pikapu yako ikipita imelala mgongoni kwangu, nayo wataitoza."

"Si imekufa!"

"Ndiyo uwajue sasa."

Anafunga kitambaa chekundu kwenye usukani wa pikapu, anashuka, anabonyeza kitufe, na winchi inaanza kuvuta.

Bi Verlene ana umri wa miaka hamsini na minane. Alizaliwa Port Arthur, akaendesha basi la shule kwa miaka tisa, kisha akanunua lori la kubeba magari mabovu kutoka kwa shemeji yake aliyechoka na kazi hiyo. Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili.

Safari ya karibu anatoza dola mia moja na ishirini na tano. Siku nzuri anapata nne. Dizeli na bima vinakula karibu nusu, na matairi yanakula sehemu ya nusu iliyobaki. Anaishi, anasema, wala hajakopa kwa mtu tangu alipomaliza kulilipia lori.

Zamani kulikuwa na vibanda kwenye barabara hii, na ndani ya vibanda mlikuwa na watu. Anamkumbuka mmoja, Bi Odette, aliyekuwa akichungulia dirishani na kupaza sauti: "Leo umembeba nani, Verlene?" Kisha anapokea ushuru wa lori moja na kumfungulia njia.

"Yule alikuwa na macho," anasema Bi Verlene. "Anaona gari liko juu ya lori, matairi hayagusi chini, hamna mtu ndani. Sasa wewe utamwambia Odette hayo ni magari mawili? Angekucheka mpaka foleni ifike mjini."

Vibanda vilibomolewa miaka sita iliyopita. Yakasimamishwa matao ya chuma, na matao hayana habari ya nani kambeba nani. Yakisoma vibandiko viwili, yanatoza mara mbili.

Yeye mwenyewe hakulijua hilo hadi miaka miwili iliyopita, alipopigiwa simu na muuguzi aitwaye Shondra Ledet, ambaye alikuwa amembebea gari wiki iliyotangulia.

"Alikuwa amepandisha hasira kweli," anakumbuka. "Ananiambia, 'Bi Verlene, wamenikata ushuru wa siku ile. Gari lilizimika, mimi nilipanda na wewe mbele, tukala karanga zako. Sasa hapo nimepita mara ngapi?' Nikamwambia tulia dada, nitawapigia."

Akawapigia. Alisikilizishwa muziki wa gitaa kwa dakika hamsini.

"Baadaye ikaja sauti, bonyeza moja. Nikabonyeza. Bonyeza nne. Nikabonyeza. Nimebonyeza siku ile mpaka kidole kikawa kinaniuliza, mama, tunakwenda wapi?"

Mwishoni alijibiwa na mtu. Jibu lilikuwa kwamba kila mwenye gari apeleke malalamiko yake mwenyewe, kwa maandishi, pamoja na picha ya gari likiwa juu ya lori, ndani ya siku thelathini.

Hapo ndipo anapokasirika hata leo. "Mtu kaharibikiwa na gari, kakosa siku ya kazi, fundi kamkamua, halafu aanze kutunga barua kwa ajili ya dola moja na senti tisini? Nani atafanya? Hakuna. Na wao wanajua hakuna. Ndiyo biashara yenyewe hiyo."

Mwandishi wa makala haya anaishi maili nne kutoka kwenye tao hilo, na amewahi kupata barua mbili za namna hiyo kwa safari asizozikumbuka. Alizilipa zote mbili bila kuuliza, kwa uvivu tu.

Bi Verlene si mvivu. Asubuhi moja akiwa anakula garini aliitazama foili iliyobaki mkononi, akakitazama kibandiko cha gari alilokuwa anakwenda kulipandisha, na tangu hapo hajatupa foili. Kibandiko cha lori lake, anasisitiza huku akikigonga kwa ukucha, hakijawahi kufunikwa hata siku moja.

Mambo yangeendelea hivyo kama si mvua ya mwezi Machi na gari la Mwalimu Horace Petteway.

Mwalimu Petteway ni mstaafu wa miaka sabini na tatu, aliyefundisha tarumbeta na ngoma katika shule za sekondari kwa miaka thelathini na minne. Gari lake lilizimika akitoka kumpeleka mkewe kusafishwa damu hospitalini. Bi Verlene alilifunika kibandiko kama kawaida, akalibeba hadi gereji, na kabla hajamaliza kulishusha akapigiwa simu: ajali, njia imefungwa, njoo upesi. Akaondoka mbio. Foili ikabaki kwenye kioo.

Fundi wa gereji aliiona, akadhani mwenye gari ameiweka kwa sababu zake. Mwenye gari naye akadhani ni kazi ya fundi.

"Nilijua ni sehemu ya matengenezo," anasema Mwalimu Petteway, na anacheka kwa kujionea aibu. "Siku hizi magari yana mambo. Nikasema hiki kitakuwa kinazuia jua. Nikawa hata nakipangusa vumbi."

Kwa wiki sita alimpeleka mkewe hospitalini mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi, akipita chini ya tao bila kibandiko chake kusomeka. Kamera zikapiga picha namba ya gari. Barua zikaja zote kwa pamoja, na faini juu ya kila safari: dola mia tisa na kitu.

Ni jirani yake, aliyewahi kubebewa gari na Bi Verlene, aliyemfumbua macho. Mwalimu akachukua barua zote, akaendesha gari hadi nyumbani kwa Bi Verlene.

"Nilikwenda kumfokea. Niliyapanga maneno njia nzima," anasema. "Alifungua mlango, akaziona barua mkononi, akaiona foili. Hakuniacha hata nianze. Akasema, 'Mwalimu, ni mimi. Nimekusahau.' Yakanitoka yote kichwani."

Bi Verlene alizilipa faini zote kutoka kwenye akiba yake ya matairi. Hasimulii jambo hili kwa kujisifu. Sauti yake inashuka, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari na pikapu ya Ruben mgongoni, anaondoa macho barabarani.

"Niliona haya. Mke wake mgonjwa, na mimi nimemwongezea mzigo. Siku ile ile nikanunua kitambaa chekundu. Kikiwa kwenye usukani, gari halitoki mikononi mwangu. Na foili aitoe mwenye gari mwenyewe, mimi namsimamia."

Lakini pamoja na malipo aliandika barua. Alidhani ndivyo inavyotakiwa. Alieleza kwamba mzee wa watu hana kosa, kwamba aliyefunika kibandiko ni yeye, na kwa nini huwa anavifunika. Akaweka jina, anwani na namba ya lori.

Pesa walizipokea, na barua wakaipa kazi.

Walirudi kwenye picha za kamera zao, wakatafuta kila mara lori lake lilipopita na gari mgongoni lenye kitu kinachong'aa kwenye kioo. Wakapata mara sitini na tatu. Kila mara moja, faini ya dola ishirini na tano kwa kuzuia mtambo kusoma. Asipolipa, usajili wa lori unazuiwa, na usajili wa lori unakwisha Jumatatu ijayo. Lori lisilo na usajili haliruhusiwi hata kutoka uani. Kazi ya miaka ishirini na miwili inasimama hapo hapo.

Kampuni ilipoulizwa ilijibu kwa mistari mitatu: kufunika kibandiko ni kosa, wateja wana njia za kulalamika, na haizungumzii shauri lililo mbele ya hakimu.

Shauri hilo la faini sitini na tatu linasikilizwa Alhamisi hii, katika mahakama ndogo ya kata. Bi Verlene hana wakili.

Saa mbili kasoro tunafika kwenye gereji anayoitaka Ruben. Bi Verlene anateremsha pikapu, anakunja mikono, anasubiri. Ruben anabandua foili mwenyewe, anaiinua juu.

"Hii hapa, mama. Umeridhika?"

"Nipe. Na kitambaa changu pia, usije ukajitia umesahau."

Simu yake inalia. Anaitazama, anaweka sauti ya juu na kuilaza kwenye boneti. Anayepiga ni kijana kutoka kwa mawakili wa kampuni.

"Bi Guidry, habari za asubuhi. Nakukumbusha tu kuhusu yale mapatano. Badala ya zile elfu moja mia tano na sabini na tano, unalipa mia nne, unasaini, usajili unaachiwa leo leo. Huna haja hata ya kuja mahakamani."

"Karatasi inasemaje, mwanangu? Nisomee."

"Nilishakutumia, mama."

"Nisomee hivyo hivyo. Nina watu hapa."

Kijana anakohoa, anasoma: "Mimi, Verlene Guidry, nakiri kwamba nilifunika vibandiko kwa nia ya kukwepa ushuru..."

"Simama hapo hapo. Ushuru wa nani?"

"Wa magari husika."

"Yalikuwa yanaendeshwa na nani hayo magari husika?"

"Mama, mimi sikupiga ili tujibizane..."

"Hakuna mtu! Niliyafunga minyororo kwa mikono yangu hii, yasisogee hata inchi. Umewahi kupanda ngazi huku umelala kitandani, wewe? Basi." Anavuta pumzi. "Sikiliza. Kosa langu kwa Mwalimu Petteway nimelilipa lote, wala hamkunitumia polisi. Nilileta mwenyewe. Kosa langu nikaja nalo mezani, mkalichukua, mkanipigia nalo. Sasa mnataka niseme na ambalo si langu. Sisaini."

"Lori litazuiwa, Bi Guidry. Nakwambia kwa nia njema."

"Najua. Na hiyo nia njema yako ningeipokea, ila imekuja na kalamu."

Ruben anapiga makofi. Kijana anaaga kwa adabu na kukata simu, na Bi Verlene anasema si mtoto mbaya, kazi ndiyo mbaya.

Hata hivyo anakikunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena. Anaogopa, na hakatai akiulizwa. Hana kazi nyingine anayoijua, na hakuna anayemwajiri mtu wa umri wake kuanza upya. Usiku wa Jumapili, anasema, alikaa na ile karatasi ya mapatano mezani, kalamu ikiwa kando, akawaza matairi.

Aliyemwinua ni Mwalimu Petteway. Kampuni ilimwandikia mzee huyo, ikaahidi kumrudishia pesa za faini zake iwapo atakuja kutoa ushahidi jinsi alivyoathirika.

"Nimewajibu nitakuja," Mwalimu anasema. "Sikuwaambia nitasema nini. Nitamweleza hakimu kwamba faini zangu zilishalipwa, na nitamtaja aliyezilipa. Nimesimama mbele ya wapiga ngoma miaka thelathini na minne bila kipaza sauti. Watanisikia mpaka nje."

Shondra Ledet naye ameomba ruhusa kazini. Kwa simu na kwa kuulizana gereji kwa gereji, Bi Verlene amewapata wateja wengine kumi na wanne waliotozwa magari yao yakiwa mgongoni mwake, na tisa wamesema watakuja. Mpango wake ni kumwomba hakimu jambo moja: atoke nje hadi kwenye maegesho ya mahakama, ambako lori litakuwa limesimama na gari juu, ayahesabu mwenyewe matairi yaliyogusa chini.

Akishinda, atataka zaidi. Atataka kampuni iweke njia kwa malori kama lake kujulisha kuwa yamebeba mzigo, ili foili zirudi kwenye chakula.

Na akishindwa?

"Nitakata rufaa."

Na huko akishindwa?

Bi Verlene amekwishapanda kwenye lori. Redio inamwita: gari dogo jeupe, limezimika karibu na tao, mwenye gari ana haraka. Anawasha injini, anainama dirishani.

"Hata hakimu wa rufaa ana gari," anasema. "Na siku moja litazimika hapo hapo barabarani, jua kali, simu ina chaji kidogo. Atanipigia mimi, maana wengine hawapokei. Nitakwenda kumchukua. Nitamfungia gari lake vizuri, nitampa maji ya baridi. Halafu nitamwuliza, mheshimiwa, nikufunikie kibandiko, au tupite tu hivi hivi?"