Sukari ya vidonge nayo inakula macho

Saa mbili asubuhi, Kabungu. Kasilda Lyamba amekaa mlangoni mwa bani, banda la kukaushia tumbaku, majani makavu mapajani. Anainua jani, analigeuza kwenye mwanga, analitupa kwenye fungu la manjano.

Wema, mtoto wa mdogo wake, analiokota na kulihamishia fungu la kahawia.

"Mama mkubwa, leo hata lililoungua kwako ni zuri."

"Cheka tu. Ungeniona zamani."

Zamani wakulima wa hapa walimgombania. Kuchambua tumbaku ni kutenga rangi. Ukichanganya, mnunuzi anakataa robota zima, mzigo wote uliofungwa. Msimu uliopita marobota aliyomchambulia mkulima mmoja, Ponsian, yalirudishwa, watu wakasema Kasilda siku hizi analewa. Hajawahi kuonja pombe.

Ilikuwa sukari. Alijua anayo, miaka sita anameza vidonge. Kila mwezi zahanati walimtoboa kidole, wakampa dawa, akarudi shambani. Alipolalamika kuwa anaona utando, alipewa jibu linalomchemsha hadi leo.

"Waliniambia macho na figo ni mambo ya wa sindano, kama huyu Wema. Mimi wa vidonge sukari yangu ni ndogo, nitafute miwani. Nikaenda mjini, Kashaulili, nikanunua miwani. Na asante nikatoa."

Sukari ndogo haipo. Ya Wema, iliyomshika akiwa mtoto na inayotaka insulini kila siku, na ya Kasilda ya ukubwani, zote zinaharibu mishipa midogo ya macho na ya figo. Tena ya ukubwani hujificha mwilini miaka mingi, ndiyo maana macho na mkojo vinatakiwa kupimwa tangu siku inapogundulika. Siku ile ile, bwana, si jicho likishakufa.

Wema alipimwa macho kila mwaka hospitali ya mjini. Aliyemsindikiza ni nani? Kasilda.

"Nilikaa nje ya mlango, nimemshikia mkoba. Kila mwaka. Hakuna aliyeniuliza, na wewe mama?"

Mwaka huu Wema alimvuta ndani kwa mkono. Mtaalamu akamtia matone, akachungulia. Jicho la kushoto limevuja damu, la kulia limeanza. Mkojo nao una protini, dalili kwamba figo zimeguswa.

La kushoto huenda lisirudi. La kulia linaweza kuokolewa kwa mionzi ya leza, hospitali ya mbali. Jumatatu wanapanda basi.

Wiki iliyopita, siku ya kliniki ya sukari, Kasilda alisimama mbele ya benchi la zahanati. "Nyie wa vidonge, nani kapimwa macho?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Muuguzi akamwambia asivuruge foleni.

"Sivurugi, mwanangu. Nauliza."

Akipona, anataka kurudi kwenye tumbaku yake. Na asipopona?

"Wema atanishika mkono mpaka pale kwenye benchi, niwaulize tena. Mdomo bado ninao."