Kahawa ya Puani

Fundi cherehani, jirani yangu hapa Rwamishenye, ameunda ndege ya rimoti kwa vijiti vyepesi vya mti wa balsa vilivyokuja kwenye boksi. Kila kijiti alikishika kama sindano, akicheka peke yake. Ili pua ya ndege ipate uzito isiinuke, aliijaza kahawa ya kutafuna, zile punje kavu tunazowakaribishia wageni huku kwetu. Siku ya kuirusha tulimfuata ufukweni. Kabla hajairusha, mikono ikamwasha kutukaribisha. "Wageni bila kahawa? Aibu!" Akafungua pua, akatugawia kahawa yote, kisha akairusha.

Pua ikiwa tupu, ndege ikapanda wima, ikapinduka, ikaelekea ziwani.

"Fundi, imelewa hiyo?" mmoja wetu akauliza.

"Temeni!" akafoka, huku akicheka hadi machozi, vidole vikihangaika kwenye rimoti. Ikageuka, ikatua mchangani, nzima. Akanyoosha kiganja. "Nani hajamaliza yake?"

Nilikuwa nimebakiza punje mbili. Nikamwambia tuelewane kwanza: narudisha, lakini rimoti nashika mimi.