Hermila na Mbegu Zake

Hermila Zárate alikuwa na roho ngumu, na wanaosema alilainika uzeeni hawakukaa naye jengo moja. Mimi nimekaa chini yake miaka mingi hapa Murcia, Hispania. Kila alfajiri nilisikia viatu vyake vikipanda kwenda juu ya paa kusema na pilipili zake. Watu alikuwa hawasemeshi. Pilipili alizisemesha.

Zilikuwa pilipili za kwetu Oaxaca, Meksiko, zile fupi nene ambazo zikikauka huwa nyeusi kama kiatu. Huku hazipo. Nenda sokoni, Mhispania atakupa zake tamu za kutia wali rangi na atakuapia kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Hermila alikuja na mbegu zake kazishonea kwenye pindo la sketi, akazipanda juu ya paa kwenye makopo ya zeituni. Maua yakichanua aliyafunga moja moja kwa vipande vya chandarua, nyuki wasimchanganyie na pilipili za majirani. Mwisho wa mwaka aling'oa miti yote, akaanika mbegu, msimu ukifika akaanza upya. Mtu wetu yeyote aliyetaka kupika mole nyeusi katika mji huu alipita kwake, na kwake hukupita bila kunyenyekea.

Mole nyeusi ndiyo mchuzi wa matanga. Nyekundu ni ya arusi. Mtu wetu akifa, siku ya tisa rozari zikimalizika, watu hukaa wakala nyeusi, na sahani ya msiba haikataliwi, hata na adui wa marehemu.

Jiwe la kusagia mchuzi huo alikuwa nalo Delfina, mtu wetu mwingine wa hapa mtaani. Alilileta kutoka kwao amelikumbatia safari nzima kama mtoto mgonjwa. Basi Hermila mbegu, Delfina jiwe, wakawa wanapika pamoja misiba yote na arusi zote. Siku moja padri akamsifu Delfina peke yake mbele ya watu, na Delfina akazipokea sifa zote bila kumtaja mwenzake. Hapo wakaachana. Abundio, mume wa Hermila, alipokufa, Hermila alituma mtu kuazima jiwe. Delfina akajibu, "Mwambie jiwe linaumwa." Mole ya Abundio ikasagwa kwa blenda, ikatoka na maganda. Kaburini Hermila hakutoa chozi. Alilia mezani, alipoona watu wanachokonoa meno mbele ya picha ya mumewe.

Kisha Delfina naye akafa, mwezi wa kumi na moja. Aliacha binti mmoja, Noemí, aliyezaliwa hukuhuku, anasuka nywele saluni. Kitandani mama alimshika mkono akamwambia, "Usije ukawalisha watu mchuzi wa kopo kwenye matanga yangu. Nipikie nyeusi." Na Noemí akaapa. Lakini kupika hakujua vizuri. Kila mama yake alipofika kwenye kuchoma alimfukuza jikoni kwa sababu ya moshi, mtoto alikuwa na pumu.

Akaenda kwa Hermila. Haya nimeyapata kwa Noemí mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Hermila."

"Marahaba. Umefuata pilipili."

"Ndiyo, mama. Najua wewe na marehemu hamkuwa..."

"Marehemu ni marehemu. Nenda, utakuja kuzichukua kesho."

Kesho yake akampa mfuko umejaa. "Nimekusafishia kabisa," akamwambia. "Vikonyo nimetoa, mbegu nimetoa. Kazi yako kukaanga na kusaga."

"Mungu akubariki! Watu waliniambia utanifukuza."

"Watu wana midomo mirefu."

Mtoto wa watu akambusu mikono.

Siku ya tisa niliwahi nyumbani kwa Delfina, ng'ambo ya barabara, na aproni yangu, nisaidie chapati za mahindi. Nikafunua sufuria. Harufu ilikuwa nzuri: ufuta, lozi, chokoleti, jani la mparachichi. Rangi ilikuwa ya tofali.

"Noemí, nani anaolewa humu?"

"Bibi, leo si siku ya kunitania."

"Sitanii. Mbegu ulichoma?"

"Mbegu gani?"

"Za pilipili, mwanangu! Zinachomwa kwenye tawa la chapati mpaka ziwe mkaa. Weusi unatoka humo. Ziko wapi?"

Akaweka mwiko chini polepole. "Bi Hermila alizitoa. Alisema amenisafishia."

Hermila alikuwa ameshafika. Alikuwa sebuleni, kwenye kiti kizuri, chini ya picha ya Delfina, na shali yake nyeusi. Noemí akamwendea mbele za watu wote.

"Bi Hermila, naomba zile mbegu ulizotoa."

"Hizo za kupanda, binti."

"Watu watakula mchuzi wa arusi kwenye matanga ya mama yangu."

"Watakula. Wangu walikula maganda, na hakuna aliyekufa."

"Mama ndiye aliyekukosea. Mimi nimekufanya nini?"

"Wewe umerithi jiwe, au hukurithi? Basi rithi na deni lake. Mbegu zangu leo zinaumwa."

Mama mmoja akasema, "Hermila, jamani, tuko msibani."

"Najua nilipo. Ndiyo maana nimevaa nyeusi. Kuna kingine cheusi humu ndani?"

Wawili watatu wakacheka, wakajifanya wanakohoa.

Noemí akatoka nje. Nilidhani anakwenda kulia. Alivuka barabara, akapanda mpaka juu ya paa letu, akarudi na ungo kiunoni. Hermila alikuwa amezianika huko mbegu zake zote pamoja, zile alizozitoa kwenye pilipili za mfuko na za mwaka mzima, na miti alikuwa ameshaing'oa.

"Chukua ukufi," nikamwambia. "Ukufi unatosha. Hizo nyingine ndizo za mwaka ujao, hana akiba mahali pengine. Hakuna mwenye akiba."

"Najua."

Akamimina ungo wote kwenye tawa.

Moshi wa mbegu za pilipili huingia kifuani kama msumari. Mhispania wa juu alianza kugonga sakafu kwa ufagio. Sebuleni watu walifungua madirisha, leso puani. Yule mtoto, na pumu yake, alisimama palepale akigeuza, anapumua kwa mluzi. Nikamwambia mbegu zikishaungua zinalowekwa, maji yanabadilishwa na kubadilishwa mpaka uchungu utoke. Hakunisikia. Alizisuuza mara moja tu, akapiga magoti kwenye jiwe la mama yake, akasaga, akamimina. Mchuzi ukawa mweusi tii, mweusi kama wa kwetu.

Sahani ya kwanza alimpelekea Hermila.

Hermila aliitazama. Akainusa.

"Umezitoa wapi?"

"Kwenye ungo wako."

"Umebakiza?"

"Hapana."

Hermila akaivuta shali yake mabegani. Watu wote walikuwa wanamwangalia yeye.

"Kula, Bi Hermila," Noemí akasema. "Ya msiba haikataliwi."

Akamega chapati, akachovya, akala. Nami nikaonja yangu. Ilikuwa chungu kama kwinini, ulimi ukakauka. Wengi waliweka sahani magotini wakaigusagusa tu. Hermila aliimaliza yake mpaka chini.

"Hukuloweka," akasema.

"Sikuloweka."

"Mama yako angekuchapa."

"Angeanza na wewe."

Hermila akaisukuma sahani mbele. "Niongeze."

Noemí akamwongezea. Akala tena, anazimaliza mbegu zake mwenyewe, machozi na kamasi vinamshuka asijifute, akaisukuma tena sahani. Binti alikwenda kuleta sufuria yenyewe, akasimama nayo nyuma ya kiti chake, akawa anajaza kila inapobaki tupu, na sisi tuliokuwa pale, hakuna aliyesema basi.