Jogoo wa Mwalimu wa Nadharia

Nilisafiri kwenda Mbale kwa sababu ya swali la kinyozi. Kibanda chake kimegusana na karakana yangu hapa Bugembe, na siku hiyo kilikuwa kimejaa watu. Akaniuliza kwa sauti, wembe ukiwa juu ya kichwa cha mtu: "Mzee Waiswa, huyu binti yako Eseza anasoma nini hasa huko Mbale? Kila mwaka anasoma tu."

Nikasema anasoma siasa.

"Basi atagombea ubunge! Sukari tutapata."

Nikasema hapana, anasoma nadharia za siasa, shahada ya pili.

"Nadharia ndiyo nini, mzee?"

Mimi, ambaye watu hunijia na kesi za mashamba na za ndoa, nilikaa kimya mbele ya kinyozi. Nikaingia kwangu nikawasha mashine ya kuchomelea ili kelele zifunike aibu.

Mnaosoma haya na hamnijui, nijueni. Baba yangu alikuwa askari, nami nilizaliwa kambini Jinja. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Wapo wanaokunja uso wakikisikia, wanakumbuka bunduki za askari waliokisema. Shauri yao, mimi ndicho nilichonyonya. Shule niliacha darasa la tatu. Kuchomelea nilijifunza kwa kuungua. Leo ukipita barabara kuu ya kwenda Iganga, mageti mengi mazuri unayoyaona ni ya mkono wangu, na sina cheti hata kimoja.

Jambo jingine la kunijua ni hili: mtu akifiwa mtaani kwetu, anakuja kwangu. Mtoto akikamatwa na polisi, mama yake anakuja kwangu. Na uchaguzi ukikaribia, wakubwa husimamisha magari yao kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Mimi huona ni heshima.

Krismasi iliyopita Eseza alikuja nyumbani, akaweka simu yake juu ya benchi langu la kazi ili irekodi, akasema, "Baba, nieleze maisha yako." Nikamweleza. Kila asubuhi aliketi pale, akiuliza na kusikiliza: nani alikuja, ulimsaidiaje, baadaye ikawaje. Katika maisha yangu yote ya uzazi sijawahi kupata siku tamu kama zile. Nilidhani mwanangu anataka kunijua.

Siku moja, swali la kinyozi likiwa bado linaniuma, nilimuuliza nadharia ni kitu gani. Akachukua kioo changu cheusi cha kuchomelea, akakiweka machoni. "Ni kama hiki, Baba. Bila hiki ukiutazama moto unapofuka. Nacho unauona vizuri."

"Lakini ukikivaa," nikamwambia, "unaona moto tu. Aliyeshika chuma humwoni."

Akacheka. Nami nikacheka. Ndivyo tulivyokuwa.

Basi alipopiga simu kusema siku fulani atasoma sura ya kazi yake mbele ya mwalimu na wenzake, niliamua kwenda. Akasema, "Baba, usije, si sherehe. Ni darasa tu." Sikumsikiliza. Kwetu mtu aliyemfundisha mtoto wako humwendei mikono mitupu. Nikamkamata jogoo wangu mwekundu, nikamfunga miguu, nikavaa koti.

Alfajiri, Bugembe. Sikungoja teksi. Rafiki yangu Ramadhani, Mnubi tuliyekua pamoja kambini, alikuwa anakwenda Mbale na lori lake kuchukua kabichi. Aliponiona akafungua mlango na kumtazama jogoo.

"Huyu afande umemfunga kwa kosa gani?"

"Hana kosa. Anakwenda chuo kikuu."

"Lo! Amekupita wewe."

"Hata wewe amekupita. Endesha gari."

Iganga tulikunywa chai ya maziwa na chapati, kisha tukaikamata barabara ya Tirinyi. Kama hujapita huko, ni nchi tambarare ya mpunga; maji yanang'aa kushoto na kulia, na wanawake wameinama humo tangu kabla jua halijatoka. Kwenye bwawa la Mpologoma ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mafunjo. Ramadhani alipunguza mwendo, akaniuliza, "Na huyo mwalimu akiwa mwanamke? Zamani kwenu wanawake hawakula kuku."

"Siku hizi wanakula mpaka firigisi."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia: mimi ndiye baba yake Eseza. Asante." Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo, kwa Kiingereza. Ni machache, lakini nilitaka yatoke wima.

Tulipopita Kamonkoli mlima ukajitokeza, na jabali la Wanale likasimama juu ya mji kama ukuta. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huko chini ya ukuta ule kuna watu wenye elimu, na mtoto wa mchomeleaji yumo kati yao.

Saa nne, Mbale. Ramadhani aliniteremsha langoni mwa chuo, akaenda sokoni. Nililikagua lile geti. Limechomelewa vibaya, bawaba zimekaa upande. Mlinzi akanielekeza chumba. Nilipoingia Eseza alikuwa tayari amesimama mbele, anasema. Akaniona. Maneno yake yakakatika kidogo, kisha yakaendelea. Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ambaye wote walimwita Daktari, akanionyesha kiti cha nyuma kwa kidole. Nikaketi, jogoo chini ya kiti.

Kiingereza changu ni cha kuuzia milango. Lakini jirani yangu alikuwa Mkenya, mwalimu wa sekondari kutoka Bungoma aliyerudi kusoma, mtu mzima mwenye upara, jina lake Wanyonyi. Akaona nimekunja uso, akaniinamia.

"Mzee, unafuata?"

"Nifuatishe, mwalimu."

Akaanza kuninong'oneza kwa Kiswahili kizuri cha kwao. "Anazungumzia mtu mmoja wa Bugembe. Amemficha jina, anamwita Mzee B. Huyu mzee hana cheo chochote, lakini kila mgombea anapitia kwake. Sasa swali ni: kwa nini watu wanamfuata?"

Nikanyoosha mgongo. Nilijua Mzee B ni nani.

"Anasema kuna nadharia nyingi. Moja inasema kila mtu anapiga hesabu, hafanyi jambo bila faida. Nyingine inasema ni kanuni na vyombo vya utawala vinavyomtengeneza mtu. Yeye amechagua ile ya mkubwa na wafuasi wake. Mkubwa yuko juu, wanyonge wako chini, na katikati lazima awepo dalali. Mzee B ndiye dalali."

"Dalali?"

"Ee. Dalali wa kura."

Kwetu dalali ni yule anayekuuzia kiwanja cha marehemu. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anasoma bila kuinua macho.

Akaeleza habari ya jirani yangu, mama mjane aliyefiwa na mwanawe Kampala. Ile nilimsimulia mimi mwenyewe, pale kwenye benchi: nilivyomwomba Ramadhani lori tukamleta maiti, nilivyosimama kaburini nikalia, kwa sababu yule kijana nilimfundisha kushika koleo. Wanyonyi akanong'ona, "Anasema hata machozi yale ni mtaji. Anayewalilia watu leo, kesho wanampa kura za nyumba nzima ampelekee mkubwa." Akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Huyu mzee mjanja kweli! Sisi Bungoma tunao kama yeye, lakini wetu hawalii."

Ni kweli nyumba ile ilipiga kura nilikosema. Lakini nililia.

Kijana mmoja kutoka Nakaloke akanyoosha mkono, akauliza kama haiwezekani kwamba yule mzee anawapenda majirani zake tu. Chumba kizima kikacheka, kwa upole. Daktari akasema swali si baya, lakini aliyeuliza atuonyeshe upendo huo utapimwaje. Kijana akaketi.

Ndipo Daktari akavua miwani. Nilielewa maneno yake kabla Wanyonyi hajayafasiri, maana aliyasema polepole.

"Wewe unatoka Bugembe. Huyu mtu umemjuaje? Amekueleza mambo ambayo watu hawamwelezi mgeni. Kama ni ndugu yako, sura hii inaanguka. Huwezi kuwa mpimaji na ndugu wa anayepimwa. Utarudi kutafuta mtu mwingine, mahali pengine, na mwaka huu humalizi."

Eseza alinitazama. Nakumbuka alivyokuwa akinitazama hivyo hivyo akiwa mdogo, akitaka nimshike mkono avuke barabara kuu.

Akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasema hapana," Wanyonyi akanong'ona. "Ni mtu tu wa mtaani kwao."

Na jogoo, Mungu anisamehe, akachagua dakika hiyo kuwika.

Wakaangua kicheko. Daktari akanigeukia, akanitazama kwa adabu, akauliza kwa Kiswahili cha kubabaisha, "Na wewe mzee? Unatafuta nani?"

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Yalikuwa yamesimama wima kwenye ulimi: mimi ndiye baba yake Eseza. Mimi si mtu wa kunyamaza. Niliwahi kumjibu meja mbele ya askari wake. Nikamtazama mwanangu. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania meza.

"Nauza kuku," nikasema.

"Hapa hatununui kuku, mzee. Soko liko kule chini."

"Samahani, Daktari. Nimepotea."

Nikatoka na jogoo wangu, kicheko kikinisindikiza hadi mlangoni.

Mchana, Nabuyonga, hapo hapo Mbale. Eseza alinikuta nimesimama nje ya nyumba anakopanga chumba. Njia niliikumbuka tangu nilipomletea kitanda. Akanifungulia, akaniwekea maji ya kunywa. Sikuyanywa.

"Baba, nilikuambia usije."

"Ulijua ninachokuja kusikia."

"Si wewe, Baba. Ni nafasi. Hata angekaa mtu mwingine pale katikati, angefanya yale yale."

"Kwa hiyo hata maovu yangu si yangu. Umeninyang'anya yote."

"Sijasema ni maovu."

"Umesema dalali."

Akaketi kitandani, akafunika uso. Baadaye akasema, "Nitarudi kwa Daktari sasa hivi. Nitamwambia ni baba yangu. Nitaanza upya."

Nilingoja kuona kama atanyanyuka. Hakunyanyuka. Alikuwa anangoja niseme.

"Usimwambie," nikasema. "Maliza."

"Na huyu jogoo?"

"Nilimletea mwalimu wako."

"Nitampelekea."

"Utasema ametoka wapi?"

Akasema, "Nitasema nilimnunua kwa yule mzee."

Nikacheka kicheko kibaya, cha kukwaruza koo. Nikamfungua jogoo kamba, akaenda kujificha chini ya kile kitanda nilichokichomelea mwenyewe. Nikafika mlangoni nikageuka, maana sijazoea kuondoka bila neno la mwisho. Nikamwambia, "Na hili nalo liandike. Andika kwamba mzee alinyamaza, akajiita muuza kuku, ili binti wa mtaani apite. Halafu unitafutie nadharia yake."

Nilitaka aone haya. Akainua uso, macho yamelowa, akanijibu kwa sauti ya chini, bila dharau hata kidogo. Alinijibu kama mtu anayejibu alichoulizwa.

"Ipo, Baba."

Jioni tulirudi na kabichi. Ramadhani aliniuliza mara moja tu, "Mwalimu alifurahi?" Nikasema jogoo amebaki chuoni. Akaniangalia, hakuuliza tena njia nzima. Bwawani Mpologoma watu walikuwa wanauza samaki kando ya barabara. Zamani ningeteremka kuwanunulia majirani. Nilibaki ndani.

Bugembe. Kinyozi akaniuliza tena mbele ya watu, na safari hii nilikuwa na jibu. Nikamwambia nadharia ni kitu kinachomweleza mtu bila kumuuliza. Akapiga mluzi, akasema elimu ni kubwa. Mke wangu nilimwambia Eseza amesoma vizuri, wenzake walimsikiliza, na hilo si uongo.

Juma lililofuata nilijifunza kilichobaki. Nilikuwa kazini, nimeinamia geti, akaja yule yule mama mjane, kitambaa cha msiba kiunoni. Dada yake amefia Kamuli na hawana gari la kumleta. Akasimama kama anavyosimama siku zote, bila kuomba, maana kwangu hawajawahi kuhitaji kuomba.

Siku zote kabla ya hapo mtu hakuwa anamaliza hata kusema. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye simu. Siku ile nilinyanyuka nikamtazama. Nikajiuliza nyumba yao siku hizi ina wapiga kura wangapi. Nikajiuliza wangapi wataniona nikisimama pale kaburini, na kama nitalia. Yule mama akanishangaa.

"Baba Eseza, unaumwa?"

"Hapana. Pole, mama."

Nikampigia Ramadhani, lori likaenda, marehemu akaletwa, akazikwa. Nilisimama pale pale ninaposimama siku zote. Watu wakaanza kulia, nami nikangoja machozi yangu, na yalipokuja nikawa nayatazama ni ya nini. Kioo chao wamenivisha, na sijui kinavuliwaje.