Dawa ya Kipandauso na Baba Mkwe

Gulioni Issuna, ukiuza vitunguu bila maneno matamu utarudi navyo nyumbani. Mimi kila mwanamume nilimwita mchumba, kijana kwa mzee, nao walinunua wakicheka. Siku ile nikaona koti la kahawia linakuja, nikapaza sauti: "Mchumba, leo unanipita hivihivi? Njoo umbebee mkeo mzigo!"

Muuzaji mwenzangu alinivuta kanga, akaninong'oneza ni nani. Alikuwa baba mkwe wangu.

Aligeuza njia akaenda zake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na vitunguu vyangu.

Ukweli ni kwamba tangu juzi yake nilikuwa naona ukungu. Nilikuwa nimeanza dawa ya kipandauso, kile kichwa kinachogonga upande mmoja hadi unatapika, na daktari wa mjini alinionya: macho yakibadilika tu, rudi siku hiyohiyo. Lakini alisema pia kwamba dawa hiyohiyo hupewa wenye kifafa. Ningemwambiaje mama mkwe? Nilishamsikia akimsema jirani kwa kumruhusu mwanawe aoe "mtu wa kuanguka". Nikavificha vidonge kwenye mfuko wa dengu, hata mume wangu asivione, nikaendelea kuvimeza.

Jioni mume wangu alinipeleka kwao kuomba radhi. Alinuna njia nzima.

"Ulikuwa umekunywa?" aliniuliza mara moja tu.

Nikasema hapana. Macho yalikuwa yanawaka kama nimeyapaka pilipili.

Sebuleni niliona wanaume wawili na mama mkwe. Nikapiga magoti mbele ya aliyekaa kwenye kiti kikubwa.

"Shikamoo baba. Nisamehe, baba. Ni mdomo wa sokoni."

Sauti ikatokea upande wa mlangoni, haina hasira hata kidogo.

"Mwanangu, mimi niko huku. Huyo ni mdogo wangu. Kwani huoni?"

Bora angenitukana. Nililia mbele yao wote, nikasema kila kitu: vidonge, ukungu, kifafa. Mama mkwe alishika mdomo.

Baba mkwe alinipeleka hospitali mwenyewe, palepale. Nikaachishwa ile dawa, na baada ya siku chache macho yakarudi. Lakini kabla hatujatoka sebuleni aliniuliza, polepole:

"Yaani ulituogopa sisi kuliko kupofuka?"

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikasema, "Ndiyo, baba." Hakuna aliyeniambia ninyanyuke.