Zeituni Zilizosubiri Jumamosi

Kila asubuhi jirani yetu, bibi aliyeishi peke yake, alichuma zeituni moja tu kwenye mti wake, akaipasua kwa ukucha wa dole gumba, akainusa, kisha akawatupia kuku. Baraza la kijiji lilikuwa limekataza watu kuchuma kabla ya Jumamosi, naye akasubiri. Ijumaa ikaanguka theluji nzito yenye maji, matawi yakavunjika. Nilimwona akiupangusa mti kwa ufagio, halafu akifukua zeituni moja moja kwenye matope, vidole vikifa ganzi anavitia kwapani, anaendelea. Mafuta yake ya mwaka mzima yalikuwa pale chini.

Wiki iliyofuata, kwenye kinu cha mafuta, Belaid msagaji aliziminya zikatoka maji. "Bibi, hizi zimeungua na baridi. Labda zitafaa kwa sabuni."

"Sabuni nitachovyea mkate?" akajibu, watu wakacheka. Hapo akaona mitungi yetu imejaa mafuta. Akachovya dole gumba, akanusa.

"Nyie mlichuma lini?"

"Jumamosi, kama wote," mama akasema, akifunga mtungi uliokwisha kufungwa.

Tulichuma Jumatano, alfajiri. Bibi hakumtazama mama. Alitazama kucha zangu, nyeusi kwa zeituni kama zake, nami nikazificha nyuma. Akajifuta dole kwenye shali, akatoka.

"Bibi, gunia lako!" Belaid akaita.

Alipita mlango wa kwake bila kuingia, akashika njia ya mtoni kwenye theluji. Siku ya tatu, akiwa bado hajarudi, mama akanituma nikawalishe kuku wake.